Moyo wa Mbeba Magunia

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya moyo, umeficha kadi yako mfukoni na unajifanya umemsindikiza mtu, nakufahamu vizuri. Siku yangu ya kwanza niliwaambia watu wawili kwamba nimemleta mke wangu. Mke wangu Skola alikuwa amekaa kando yangu, mzima kabisa, akanitazama tu bila kunikanusha. Muuguzi alipoita jina langu nikainuka, na wale watu wawili kwa adabu yao wakaangalia sakafu.

Naitwa Ambakisye. Pale Ubaruku wananiita Mwamba, jina nililopewa kwenye mashine ya kukoboa mpunga nilikobeba magunia kwa miaka ishirini na mitatu, kumi na mmoja kati ya hiyo nikiwa kiongozi wa kikundi cha wapakiaji. Mambo ya mishipa na vipimo sitayaeleza, hayo muulize daktari wako. Aliyenishauri niandike ni mwenzangu Ngailo, tuliyebeba naye tangu ujana, ambaye naye sasa ana kadi kama yangu. Alisema, "Andika, Mwamba, maana mdomo wako ndio ulitudanganya, basi na mkono wako uturekebishe." Ngailo hana maneno matamu, lakini safari hii alisema kweli.

Nitaanza na huko kudanganya.

Asubuhi kabla ya lori la kwanza kuegeshwa, kikundi chetu kilikuwa na ndoo yake. Maji, limao, na chumvi viganja viwili. Mchanganyaji nilikuwa mimi, kwa sababu kiongozi ndiye huchanganya, na niliyempokea uongozi alinionyesha kipimo kwa kiganja chake. Imani yetu ilikuwa kwamba jasho hutoka na chumvi, chumvi ikitoka na nguvu imetoka, kwa hiyo lazima uirudishe kabla hujaanza. Kila mtu alikunywa vikombe viwili, na juu yake akameza vidonge viwili vya maumivu. Si kwamba kuna kilichouma saa ile. Kingeuma tu mchana, kwa hiyo tulikiwahi.

Tulikuwa na imani nyingine pia. Mtu akisema asubuhi kwamba kifua kinabana, tulimwambia ni baridi ya alfajiri imemwingia, na dawa yake ni kubeba gunia la kwanza harakaharaka bila kupumzika hadi jasho litoke. Tuliita kufungua kifua. Mimi nimewafungulisha watu vifua kwa namna hiyo nisiojua idadi yao. Walipanda ubao wa lori wakiwa wamekunja uso, wakashuka wamelowa, nikawapiga begani nikasema, "Umeona?"

Mwaka mmoja kabla sijaugua, wauguzi walikuja pale kwenye mashine wakaweka meza karibu na rundo la pumba, wakapima watu presha bure. Nikawacheka. Nikawaambia wenzangu presha ni ugonjwa wa mabosi, watu wanaokaa kwenye viti vya kuzunguka na kula nyama choma, sisi mazoezi yetu ni ya kila siku. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akaniita kwa upole, "Baba, njoo na wewe, dakika mbili tu." Nikapita mbele yake na gunia la lumbesa begani, lile linalojazwa mpaka linashonewa kichwa juu ya kichwa, nikamwambia anipime hivyo hivyo nikiwa nimelibeba. Kikundi kizima kikacheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kupimwa siku ile. Kati ya yote niliyoyafanya kwa ujinga, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ugonjwa wenyewe ulikuja taratibu, kama mgeni anayepiga hodi kwa sauti ndogo. Viatu vilianza kunibana jioni. Nikikohoa, sikutoa kitu. Nikilala chali nilihisi kama kuna mtu amenikalia kifuani, nikaongeza mto, nikaongeza wa pili, mwishowe nikawa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Skola aliniuliza kama ninamwogopa. Nikamwambia mgongo unauma. Siku moja aliniosha miguu nilipotoka kazini, akabonyeza kifundo kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole shimo likabaki. Akalitazama lile shimo kwa muda mrefu.

"Hiki nini, Baba Neema?"

"Uchovu."

"Uchovu unaacha shimo?"

Ilikuwa katikati ya mavuno, malori yamepanga foleni mpaka barabarani, na kiongozi haugui mwezi wa tano.

Asubuhi nilipoelemewa, kifua kilibana kabla hata sijamaliza kikombe cha kwanza. Nikamwambia Ngailo. Akanijibu kwa maneno yangu mwenyewe, "Beba la kwanza upesi, litakifungua." Nikabeba la kwanza, la pili na la tatu. La nne nikiwa katikati ya ubao, ule ubao ukaanza kwenda mbali. Sikuanguka, namshukuru Mungu. Nililishusha gunia palepale kwenye ubao nikalikalia. Kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniona nimeshusha gunia njiani. Hata mwendesha mashine akaizima. Nilikuwa navuta pumzi na haifiki.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alinipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akaenda kuleta kipimo kingine akapima tena. Hakuniambia namba. Aliniambia, "Baba, usitembee, kaa hapohapo," akaenda kumwita mganga wa kituo. Siku ileile mimi na Skola tukapelekwa Mbeya.

Dada yangu Atupele anauza ndizi soko la Mwanjelwa, hukohuko Mbeya, na nyumba yake ndiyo ilikuwa kituo chetu mwaka ule mzima. Alipotuona mlangoni alinitazama kuanzia juu kwenda chini, akaishia miguuni.

"Gwe Amba, umenenepa miguu peke yake?"

Kisha akaingia ndani haraka, nikamsikia analia jikoni huku anagonganisha sufuria ili tusisikie. Mimi na Skola tukakaa sebuleni tunajifanya hatusikii.

Kliniki ya kwanza tulifika mapema, baridi ya Mbeya ikiwa bado imekaa kwenye mabenchi. Nilitegemea kuwakuta wale mabosi wangu wa nyama choma. Wachache walikuwepo, sikatai. Lakini mkono wangu wa kulia alikaa fundi wa kuchanganya zege. Mbele yangu alikuwa mpasua mbao kutoka Mufindi mwenye vidole vilivyokakamaa. Nyuma alikaa mama wa Kisafwa anayelima viazi milimani, aliyesema amebeba mizigo kichwani tangu akiwa hajaota meno ya ukubwani. Alikuwa na viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa. Akavigawa benchi zima, kimoja kimoja, na alipofika kwangu akasema, "Havina chumvi, baba. Humu ndani sote ni wa chama kimoja." Nilikila kile kiazi taratibu. Ni moja ya vitu vitamu nilivyokula mwaka ule, na nilikuwa sina hata hamu ya chakula.

Daktari alikuwa binti mdogo, nadhani umri wa Neema, mwanangu wa kwanza. Akanipaka kitu cha baridi kifuani, akapitisha kifaa chake, na kwenye kioo nikauona moyo wangu. Nilitegemea kuona kitu chenye nguvu. Nikaona kitu kikubwa, kizito, kinachofunguka na kujifunga polepole kama mtu anayenyanyuka kitini na magoti yanamuuma. Nikauonea huruma. Sikuwahi kufikiri mtu anaweza kuuonea huruma moyo wake mwenyewe.

"Baba unafanya kazi gani?" akauliza.

"Kazi ya mazoezi, daktari. Ninabeba magunia."

Hakucheka. "Mtu akifanya mazoezi, anafanya nusu saa, saa moja, halafu anapumzika na moyo wake unapumzika. Wewe unabeba saa ngapi kwa siku?"

"Kumi. Wakati wa msimu hata kumi na mbili."

"Na unapumzika wakati gani?"

Nikafikiri. Nilitaka nimpe jibu la kweli. "Mvua ikinyesha," nikasema.

Akaweka kalamu chini. Akaniambia presha ilikuwa juu miaka mingi bila mimi kujua, na ndoo yangu ya chumvi na vile vidonge vya maumivu vilikuwa vinaipandisha zaidi kila asubuhi, kisha mimi napanda ubao. "Moyo wako umetanuka kwa kubeba, baba. Umechoka. Haujafa, umechoka tu. Ukiusaidia utakaa nao. Lakini kubeba basi."

"Mpaka lini?"

"Kubeba basi, baba," akarudia, safari hii kwa sauti ya chini zaidi.

Skola alinishika kiwiko. Tulipotoka nje nikalia. Watu watadhani nililia kwa sababu ya kifo. Hapana. Kifo kilikuwa mbali, sikukiona sura. Nilichokiona ni mabega yangu. Nilijiuliza nikirudi Ubaruku nitakuwa nani, maana kila aliyenijua alinijua nikiwa na kitu begani.

Wiki mbili za kwanza dawa ya kukojoa ilinitoa maji mpaka nikaona aibu. Nilijua kila choo kati ya nyumba ya Atupele na hospitali. Usicheke, au cheka, sisi tulicheka. Skola alikuwa akitembea mbele yangu mtaani kama askari wa doria, akiuliza kwenye maduka, "Samahani, mzee wangu anaweza kuingia?" Miguu ikapungua, mifupa ya kifundo ikaonekana tena, na usiku wa kwanza nilipolala kwa mto mmoja Skola alikaa akanitazama mpaka nikamuuliza kama nina deni lake.

Kisha mwili ukaendelea kupungua hata pale nisipotaka. Mabega yakashuka. Sugu ya bega la kulia, nene kama soli, ikalainika na kuanza kubanduka, nikawa naigusagusa kila nikioga. Mashati yote yakawa ya mtu mwingine. Skola akayapunguza kwa mkono, moja baada ya jingine, bila kusema neno, na mimi nikawa nayavaa bila kusema neno. Nikisimama haraka kizunguzungu kilinichukua. Na mambo ya chumbani, ndugu yangu, dawa nyingine huyabadilisha. Mwambie daktari wako, wamezoea kuulizwa. Mimi niliona haya kwa miezi mitatu, na mke wangu akadhani simtaki.

Tuliporudi Ubaruku, wenzangu wa mashineni niliwadanganya. Niliwaambia ni homa ya mapafu. Kwetu mtu akisikika ana moyo, watu wanaanza kuzungumza naye kwa sauti ya msibani. Ngailo alikuja kunitembelea na mchele kilo ishirini begani, akautua mlangoni kwa madaha kama kawaida yake, akaniambia uongozi bado ni wangu, wananisubiri. Nikamshukuru. Nikamwambia mapafu yanapona vizuri.

Uongo ule ulinipeleka pabaya. Mwezi wa nne wa dawa nilijisikia mzima kabisa. Nilikuwa napumua, nalala, nakula. Skola akaenda Igowole kumwona baba yake aliyekuwa anaumwa, na mimi nikabaki peke yangu na afya yangu mpya. Nikaacha vidonge, maana vya nini tena. Siku ya tatu nikaenda mashineni kusalimia tu. Nikabeba gunia moja tu, kuonja. Wakashangilia. Nikabeba sita.

Siku nne baadaye maji yalirudi, safari hii mpaka tumboni. Atupele ndiye aliyekuja kunichukua, na njia nzima mpaka Mbeya hakuniita jina langu. Nililazwa siku tisa. Kitanda cha jirani alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi, "Umeamka?" na mimi namjibu, "Nimeamka." Asubuhi nyingine jibu lile lilinitosha kwa siku nzima.

Skola alifika siku ya pili kutoka Igowole, na vumbi la safari bado liko kwenye kitenge chake. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua chombo cha uji, akakaa nacho mapajani.

"Nimekupikia bila chumvi miezi minne," akasema.

"Najua, mama."

"Hujui. Mimi nami nimekula hivyo hivyo. Ulidhani mboga yetu naipika pembeni? Nimekula maharage bila chumvi miezi minne, nimekula mlenda bila chumvi. Unajua mlenda bila chumvi ulivyo? Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unaumwa." Akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Mimi sikuolewa na bega, Ambakisye. Kama ni bega ningeolewa na punda."

Wagonjwa wa vitanda vya karibu walicheka, na yeye akacheka, kisha akafunika uso kwa ncha ya kitenge na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu. Nilimwekea mkono mgongoni. Sijawahi kujiona mdogo kama siku ile, na sijawahi kupendwa kama siku ile, au labda nilikuwa napendwa siku zote na sikutulia nikaona.

Baada ya hapo nilifuata masharti. Kliniki ikawa kila wiki mbili, ikawa kila mwezi, ikawa kila miezi miwili. Daktari aliniambia nitembee, ndiyo mazoezi yangu sasa, mwendo wa mtu asiye na haraka. Nikawa natembea na Skola kando ya mfereji wa mashamba ya mpunga. Mwanzoni tulifika daraja la kwanza na kugeuka. Mpunga ulipopandwa tulikuwa tunafika la pili. Ulipoanza kuinama tulifika mpaka mwisho wa mfereji, tukakaa kwenye majani. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hatukuwahi kutembea pamoja bila mmoja wetu kuwa na kitu kichwani au begani. Tuligundua tuna mazungumzo mengi. Alinisimulia mambo ya utotoni kwake ambayo sikuwahi kuyasikia, na mengine nadhani aliyatia chumvi kwa kuwa kwenye chakula haikuruhusiwa.

Kama wewe ni mbebaji, mchimbaji, mpasua mbao, au mama unayebeba mizigo kichwani, nakuomba jambo moja tu. Usidhani jasho limekupima. Nenda ukapimwe na anayejua kupima, hata kama huumwi popote. Na ukipewa dawa ukajisikia mzima, ujue ni dawa inayofanya kazi. Hayo nimeyalipia siku tisa za kitanda, wewe yachukue bure.

Baba mkwe alifariki mwezi wa sita, mwaka mmoja na kidogo tangu siku ya ubao. Igowole mwezi ule ukungu haunyanyuki mpaka karibu na mchana, na baridi inaingia kwenye mifupa. Kule kwao, msiba wa mzee una kazi zake na kila kazi ina watu wake. Wakwilima, yaani waume wa mabinti wa nyumba ile, ndio huchimba kaburi, ndio hupasua kuni, na ndio hubeba jeneza kutoka nyumbani mpaka shambani kwenye makaburi ya ukoo. Hakuna anayekuomba. Ukifika unakuta jembe linakusubiri. Na miongoni mwa wakwilima wa nyumba ile, mimi nilikuwa ndiye mkubwa, na kwa misiba miwili iliyotangulia ndiye niliyeshika jeneza mbele kulia, wakajivunia mkwilima wao wa Ubaruku mwenye bega.

Kwao pia hatukuwa tumesema ukweli. Skola alikuwa ametaka, mimi nikakataa. Nilimwambia nitasema siku ikifika.

Tukiwa njiani aliegemea dirisha la basi, macho yamevimba kwa kumlilia baba yake. Akaniambia bila kunigeukia, "Kile kilima cha makaburini unakijua. Ukibeba, mwaka huu nitafiwa mara mbili."

"Sitabeba."

"Hivyo hivyo ulisema na dawa."

Alikuwa na haki.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa tulipofika. Hapo nilipona. Ibada ikaendeshwa uani, mwalimu wa kanisa akasoma, wakaimba. Kisha shemeji yangu Kastori, kaka yake Skola, akasimama mlangoni akaita, "Wakwilima, karibuni. Mwamba, tangulia, sehemu yako ni ileile."

Nilienda. Nasema ukweli, miguu ilikwenda yenyewe. Nilifika mpaka kwenye jeneza, nikainama, mkono wangu wa kulia ukashika ubao wa chini. Mwili una mazoea yake, ulishajipanga, magoti yameshakunjwa, bega limeshainamishwa. Nilijua uzito ule ulivyo hata kabla sijaunyanyua. Watu watano walikuwa wameshika wakinisubiri niseme twende. Nikainua macho na nikamwona Skola kati ya wanawake. Hakutikisa kichwa wala hakunifanyia ishara yoyote. Alikuwa amefumba macho.

Nikaachia. Nikasimama wima.

"Sibebi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Shemeji, sibebi. Naumwa moyo. Mwaka mzima sasa. Nimekatazwa kubeba."

Nilisikia watu wa nyuma wanaulizana amesema nini.

"Moyo?" Kastori akasema. "Wewe? Na huo mwili?"

"Mimi. Nilikuwa nawaficha. Nisameheni."

Akaligeukia jeneza, maana alikuwa anamzika baba yake. Mkwilima mdogo, mume wa mdogo wake Skola, akaja taratibu akasimama mahali pangu, akanigusa mkono akipita, wakanyanyua. Wanaume wakafuatana na jeneza kwa mwendo wa haraka kama ilivyo desturi, wakipokezana. Wanawake wakajipanga nyuma wakiimba. Mimi nikabaki katikati ya uwanja mikono ikining'inia. Sikuwa wa kundi la mbele wala la nyuma. Ile hofu yangu yote ya mwaka mzima ilikuwa ndiyo ile pale, nimeifikia, nimesimama ndani yake, watu wanapita pembeni yangu wakitazama chini.

Mama mkwe alikuwa wa mwisho kutoka ndani. Lazima nieleze kwamba kule kwao mkwilima na mama mkwe hawashikani mikono. Tunasalimiana kwa mbali. Nikikutana naye njiani natoka pembeni kwenye majani, ananipita, na heshima inakuwa imetimia. Kwa miaka ishirini na sita tuliishi hivyo na tulipendana sana hivyo. Mabinti wawili walikuwa wamemshika huku na huku. Aliponifikia akasimama, akawaambia wamwachie.

"Kamwene, mkwilima."

"Kamwene, mama." Nikarudi nyuma hatua mbili, kama inavyopasa.

"Nimesikia ulichosema." Alikuwa anahema kidogo, mzee yule, uso umekauka kwa kulia. Akakitazama kilima, na watu waliokuwa wameshafika katikati yake na jeneza. "Na mimi kile kilima siku hizi kinanishinda. Hawa watoto wanataka kunikimbiza."

Akaninyooshea mkono.

Nilimtazama Skola, aliyekuwa amesimama kando ya njia, amefumbua macho. Mama mkwe hakuushusha mkono.

"Shika, mwanangu," akasema. "Twende polepole, tumpeleke mwenzangu."

Nikaushika. Ulikuwa mwepesi, wa baridi, umejaa mishipa. Tukapanda. Mara tatu tulisimama kupumua, mara mbili ni yeye aliyeomba, mara moja ni mimi, na nilipoomba alisema tu, "Haya," akaegemea fimbo yake akasubiri. Tulipofika juu tukakuta jeneza liko kwenye kamba, wimbo umekwisha, na watu wote wamesimama kwenye ukungu wanatungoja. Hakuna aliyetuharakisha.